Kigari Bila Uzi

Shali la mtoto wa Aida lilianguka tena. Sindano zote ziliachia kwa mpigo mmoja, likateremka na vizito vyake vya chuma, vikapiga sakafu kishindo ambacho nina yakini kilisikika mpaka Mlango wa Papa. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha akichagua mchele kwenye uteo. Akainua macho.

"Yarabi! Swafia, tena?"

"Nimesahau uzi, Mama."

"Umesahau uzi." Mama aliyarudia maneno yangu polepole. "Jumanne wasahau uzi. Jumamosi wasahau uzi. Kichwa hicho nilikizaa mimi mwenyewe, na siku nilipokizaa kilikuwa kizima."

Fundi Ishaq alipiga magoti akaanza kuokota vizito kimoja kimoja, akivifuta vumbi kwa kiganja na kuvipanga pembeni mwa meza. Mimi nilisimama nikamtazama kisogo chake kilichonyolewa vizuri, na kola ya shati lake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, nikaona raha moyoni. Ndiyo, raha. Nami nitasema kweli mapema ili tusichoshane: sikuwa nimesahau uzi.

Kwa asiyejua, mashine ya kufuma si kama cherehani. Haina gurudumu wala pedali. Ni kitu kirefu, chembamba, kinachobanwa juu ya meza, kimejaa sindano zilizolala safu moja, kila moja na kindoano chake mdomoni. Juu ya sindano hupita kigari. Washika mpini wake na kukisukuma kwa mkono, kulia, kushoto, na kila kikipita kinaongeza mstari mmoja wa kitambaa, huku vizito vya chuma vikikivuta kitambaa chini. Uzi hutiwa kwenye mdomo wa kigari. Sasa ole wako ukikisukuma bila uzi! Sindano huachia kile zilichoshika, hazipati kingine cha kushika, na kazi yako yote yaanguka chini. Hilo ndilo kosa la kila mwanafunzi. Mimi nililifanya siku ya kwanza kwa ujinga. Baadaye nikawa nalifanya kwa akili.

Mashine yenyewe aliniletea Aida, mdogo wangu, anayekaa Tudor na mumewe. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. "Dada," aliniambia, "tangu uachane na Sufyan umekaa hapa kwa Mama ukitazama dari. Hiyo dari haitakuambia kitu. Jifunze kazi, na kazi ya kwanza unifumie shali la mtoto." Wakati huo mimba yake ilikuwa changa, haionekani. Sasa tumbo lilikuwa likitangulia kuingia mlangoni kabla yake, na shali halijafika hata nusu.

Mama ndiye aliyetafuta mwalimu. Aliuliza Biashara Street, kwa wanaouza nyuzi, na kila duka lilimtajia mtu mmoja: Ishaq Chengo wa Tudor, anayefuma sweta za shule. Ishaq alikubali kuja kwetu Kuze baada ya alasiri, siku mbili kwa juma. Mama akatoa masharti yake. Mlango uwe wazi. Yeye mwenyewe awe pale pale ukumbini. Na mwanafunzi ajitande mtandio wake sawasawa.

Siku ile ya kwanza mimi nilimpokea kwa maneno, maana mdomo wangu hauna breki.

"Sweta, fundi? Mombasa hii? Joto hili hata paka walala kwenye saruji tupu. Nani atavaa sweta?"

"Watoto wanaopelekwa shule za bweni bara, Bi Swafia," alijibu huku akikaza vibano vya mashine. "Na nyinyi wenyewe watu wa Mji wa Kale. Mwezi wa saba ikinyunya mvua kidogo, mwajifunika mpaka masikio na kuugua kikohozi."

Mama alicheka mpaka akamwaga mchele. Mimi nilikasirika kwanza. Kisha nikafikiri: huyu mtu hanihofu. Wanaume wote wa mtaa wetu hupita upande wa pili wa njia wakiniona, na huyu amekuja na mkasi na bisibisi, amenijibu bila kuinua sauti.

Wala hakunigusa hata siku moja. Akitaka kunionyesha jambo, aliweka mkono wake juu ya mpini wa kigari, akakipitisha, akauondoa mkono na kurudi nyuma hatua moja. "Sasa wewe," alisema. Nami niliweka mkono wangu pale pale. Mpini ulikuwa bado na joto lake. Mtu mzima mimi, nimeolewa nikaachwa, na joto la mpini wa mashine likinipandisha damu mpaka masikioni! Niliona aibu peke yangu.

Rajabu na Shaabani nilifuma vipande vya mazoezi tu, na Ramadhani tulipumzika. Mwezi mzima hakuja, na mwezi mzima nikawa nasikia hodi ambazo hazikupigwa. Ndipo nilipoufahamu moyo wangu. Idi ilipopita na Ishaq akarudi, nilijiambia jambo moja tu: shali hili likiisha, na yeye ameisha. Basi nikaanza kuangusha.

Sasa Mama aliweka uteo chini. Akajifuta mikono kwenye leso yake, na nikajua lipo jambo.

"Fundi, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi sikulaumu. Wajua kazi yako na una adabu zako. Lakini majirani wana macho, na midomo wanayo. Na leo Abdulhalim yuaja, mkubwa wetu. Atauliza hili shali la dhahabu lafumwa mpaka lini. Nimeona afadhali kuanzia Jumamosi umtume yule mwanamke mnayefanya naye kazi. Nani jina lake?"

"Kadzo," alisema Ishaq.

"Kadzo. Mwanamke na mwanamke mwenziwe. Aje ammalizie."

Ishaq alikuwa bado amepiga magoti, kizito mkononi. "Nimefahamu, Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Ila kile kizito hakukiweka mezani na wenzake. Alikishika tu.

Nilikaza mtandio uliokuwa umekaa sawa.

Mama aliinuka. "Naenda kutia tangawizi kwenye kahawa," alisema. Jikoni kwetu kunatazamana na ukumbi. Alipofika mlangoni aligeuka. "Masikio yangu nayaacha hapa."

Tukabaki na mashine yetu. Ishaq alianza kupandisha mishono upya, sindano baada ya sindano, uzi mweupe ukizunguka kwenye vidole vyake. Nilingoja aseme kitu. Nikaona hasemi, nikapandwa na hasira.

"Kwa hiyo wafurahi," nilisema. "Umepata wa kukupokea mzigo."

"Mbona wafanya hivi?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Nafanya nini?"

"Waangusha makusudi."

Niligeuka kutazama mlango wa jikoni.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mtu aliyesahau uzi hushtuka, Bi Swafia. Kazi ikianguka huruka, hushika kichwa, humtaja mamake. Siku ya kwanza uliruka mpaka ukagonga kabati. Wakumbuka?"

Nakumbuka. Kiwiko kiliniuma juma zima.

"Lakini tangu Idi hushtuki," aliendelea. "Shali laanguka, Mama roho yamruka, na wewe umesimama tuli, wanitazama mimi."

"Kumbe wajua! Na ukanyamaza siku zote hizi?"

"Nilidhani wanicheza shere." Sasa aliniangalia. Ishaq ana macho ya taratibu, hayana haraka ya kufika wala kuondoka. "Nilisema, binti wa watu wa Kuze, amechoka na nyumba, amempata fundi wa kumpigisha magoti. Jumamosi iliyopita nilifika kwangu nikaapa kwamba sirudi tena."

"Sasa mbona umerudi?"

"Kwa sababu Jumanne ilifika," alisema. "Nami nilikuwa nimeingoja."

Nikaketi kwenye kiti cha Mama, juu ya punje za mchele.

"Sikukucheza shere," nilimwambia. "Haki ya Mungu, Ishaq. Niliogopa shali lisije likaisha."

Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, likaanzia jicho moja. Kisha likaondoka, akasogea mpaka mwisho wa meza, mashine ikawa katikati yetu.

"Nisikilize. Kadzo ni fundi mzuri kunishinda mimi. Jumamosi atakuja, na mimi sitakuwa na sababu ya kupanda ngazi hizi. Nimeshamwambia baba yangu mdogo habari zako, tangu Shaabani. Yuko tayari kuja kuposa. Lakini siwezi kumtuma mzee wa watu Kuze arudishwe mlangoni, na mimi sijui hata mwenyewe wasemaje. Niambie tu. Wanitaka, Swafia?"

Aliniita Swafia, bila Bi. Jina langu hilo nimelisikia maisha yangu yote, na siku ile lilikuwa jipya.

Na mimi, Swafia mwenye mdomo, nikawa bubu.

Si kwamba sikuwa na jawabu. Jawabu lilikuwa limejaa kifuani, halina pa kupitia. Mara ya mwisho nilipoulizwa swali hilo niliketi nyuma ya pazia, na Ami Abdulhalim na mashahidi wake wako upande wa pili. Aliniuliza kama nimemridhia Sufyan. Nilikuwa sijajua nimeridhia au la. Nilikuwa bado nafikiri. Nikatazama nyuzi za zulia, nikafikiri kidogo zaidi, na shangazi mmoja akasema, "Kimya chake ndiyo idhini yake," vigelegele vikapigwa na mambo yakawa yamekwisha. Sufyan hakuwa mtu mbaya, Mungu amjaalie kheri aliko. Lakini katika nyumba yake sikuulizwa hata rangi ya pazia. Na siku aliponiambia nirudi kwetu, hilo pia hakuniuliza.

"Swafia," alisema Ishaq tena.

"Hodi, hodi! Wenyewe mpo?"

Ilikuwa sauti ya Ami Abdulhalim ngazini, na fimbo yake ikigonga kila kidato.

Ami ni ndugu mkubwa wa marehemu baba. Ndiye aliyetulea mimi na Aida baada ya baba kutangulia, na ndiye aliyetusomesha chuoni kwake, Kurani na fiqhi, kwa kiboko kidogo na halua nyingi. Aliingia na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, jasho usoni, na kifurushi cha halua kwapani. Nilimbusu mkono.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mama. Hujambo?" Kisha alimwona Ishaq, aliyesimama wima kando ya meza. "Aleikum salaam," alisema, ingawa Ishaq alikuwa ndiyo kwanza aanze kutoa salamu. "Wewe ndiye fundi wa sweta?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Endelea na kazi yako, usijali sisi."

Mama alitoka jikoni na buli la kahawa na vikombe. Ami aliketi, akafungua halua, akanywa kikombe cha kwanza kimya kimya kama desturi yake. Alipomaliza cha pili aliinamia upande wa Mama. Tatizo la Ami ni kwamba sikio lake moja ni zito, na mtu wa sikio zito akinong'ona mtaa mzima wasikia.

"Mwanaesha, yule bwana wa Biashara Street amenituma tena," alinong'ona. "Yule wa maduka ya kanga, aliyefiwa na mkewe. Mtu mzima, mtu wa watu, nyumba anayo. Ataka jawabu leo baada ya magharibi."

Mkono wa Ishaq ulisimama juu ya sindano.

"Si mimi wa kujibu," alisema Mama. "Aulizwe mwenyewe."

"Ndilo lililonileta." Ami alinigeukia, akainua sauti yake ya kweli. "Swafia, mwanangu, umesikia. Wasemaje?"

Nilitazama chini. Sijui kwa nini. Wallahi sikutaka kutazama chini, lakini shingo ilijikunja yenyewe kama ilivyozoeshwa. Nikaziona punje za mchele sakafuni. Nikaona kizito kimoja kilichosahauliwa chini ya meza. Nikasikia kahawa ikimiminwa, na muuza mabuyu akipiga kelele njiani, na kila mtu akiningoja.

"Amenyamaza," alisema Ami, na sauti yake ilikuwa imejaa huruma na faraja. "Alhamdulillahi. Kimya chake..."

"Ami, usimalize!"

Nilipiga kelele mpaka buli likatikisika mkononi mwa Mama.

"Usilimalize neno hilo, Ami, nakuomba. Kimya changu kilitosha mara moja. Wewe mwenyewe ulitusomesha, mimi na Aida, tumekaa juu ya mkeka wako. Ukasema mwari idhini yake ni kimya chake, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi mpaka aseme kwa kinywa chake. Hukusema hivyo?"

Ami alinitazama, kipande cha halua kimesimama kati ya sahani na mdomo.

"Nilisema," alijibu.

"Basi mimi si mwari. Nasema kwa kinywa changu. Yule bwana wa kanga Mungu ampe mke mwema, mimi simtaki."

"Haya. Umesema. Hakuna anayekulazimisha, mwanangu."

"Sijamaliza."

Mama aliweka buli chini.

"Namtaka Ishaq," nilisema. Kisha, kwa kuwa sikio la Ami ni zito na sikutaka kurudia, nikasema kwa sauti zaidi. "Huyu fundi hapa! Namtaka yeye!"

Muuza mabuyu njiani alinyamaza.

Sikuthubutu kumtazama Ishaq. Nilimtazama Ami, na Ami alimtazama Ishaq kuanzia kichwani mpaka soksi.

"Kijana, wewe ulikuwa walijua jambo hili?"

"Nilikuwa nimeuliza, mzee, sijajibiwa," alisema Ishaq. "Jawabu nimelisikia sasa hivi, pamoja nawe."

"Ishaq bin nani?"

"Ishaq Chengo Mung'aro. Wazee wangu ni wa Kaloleni. Babu ndiye aliyesilimu, na mimi nimezaliwa Tudor."

"Kaloleni." Ami alirudisha halua kwenye sahani. "Mwanaesha, wasikia? Tangu lini watu wa Kuze wakaoza Kaloleni? Kesho barazani nitaulizwa niseme nini? Kwamba binti ya ndugu yangu amechukuliwa na mshona sweta?"

"Mfuma sweta, Ami," nilisema. "Kushona ni kitu kingine."

"We, nyamaza kidogo sasa!" alisema Mama. "Umekwisha sema la kutosha." Kisha alimgeukia shemeji yake, na mikono akaiweka mapajani. "Abdulhalim, mimi sitaki maneno mengi. Sufyan hakutoka Kaloleni. Alitoka nyumba ya nne kutoka msikitini kwetu, ukoo wake twaujua mpaka juu. Tulipata nini? Mwanangu alirudi na sanduku moja, akalala akitazama dari. Sijamsikia akipiga kelele hivi tangu arudi. Wewe umemsikia?"

Ami alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa, akaivaa tena. Nikaona macho yake yameloa, nami machozi yakanitoka papo hapo. Nampenda mzee yule. Siku ya arusi yangu alilia kuliko Mama.

"Nilidhani nakuchagulia kheri, Swafia," alisema.

"Najua, Ami. Sijawahi kukulaumu hata siku moja."

"Ningekuuliza mara ya pili siku ile. Ningengoja kidogo."

"Ami wangu, yamepita." Nilienda nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono. "Leo umeuliza, na umengoja."

Alijipangusa uso kwa ncha ya kanzu. Kisha, kwa kuwa Ami hawezi kushindwa bila kutafuta njia ya heshima ya kutokea, alinyoosha fimbo kuelekea mashine.

"Sawa. Lakini nami nina swali. Huyu aja hapa tangu Rajabu. Rajabu! Shali la mtoto mchanga halijafika shubiri. Mtu wa kazi gani huyu? Atalisha mke na kazi ya mwendo huu?"

Uso wa Ishaq ulibadilika rangi. Angeweza kusema. Angeweza kunitaja mimi na hila yangu pale pale, akajitoa aibuni. Alinyamaza akaibeba, na kama nilikuwa na chembe ya shaka iliyobaki mahali fulani, ilikwisha hapo.

"Si yeye, Ami. Ni mimi," nilisema. "Nimekuwa nikiliangusha makusudi. Ili arudi."

"Makusudi?" alisema Ami.

"Mimi nalijua hilo zamani," alisema Mama, akamimina kahawa. "Mapenzi kikohozi, hayafichiki. Nilikuwa nangoja tu kuona nani atasema kwanza, yeye au mashine."

"Mama! Na ukataka kumleta Kadzo?"

"Sasa bila Kadzo ungesema?"

Nilimtazama mamangu mzazi. Ama kweli mkubwa ni mkubwa.

"Hebu tuone," alisema Ami. "Kama wajua, fuma nikuone."

Nilijifunga mtandio vizuri, nikasimama mbele ya mashine. Ishaq alirudi nyuma hatua moja, kama kawaida yake. Niliutia uzi kwenye mdomo wa kigari, nikauvuta kidogo kuhakikisha umekaa, nikashika mpini. Kulia. Kushoto. Kulia. Sindano ziliitika zote, hakuna iliyoruka mshono, na shali likaanza kushuka jeupe, mstari baada ya mstari. Nilihamisha vizito juu bila kuambiwa. Nilisukuma mpaka mkono ukapata mwendo wake, na sikuogopa tena kwamba litaisha.

"Mashallah," alisema Ami polepole. Aliinuka na fimbo yake akaja kushika ncha ya shali. "Mashallah. Laini. Na huyu ndiye aliyekufunza hivi?"

"Ndiye."

Ami alimtazama Ishaq tena, na safari hii hakuanzia kichwani. Alianzia mikononi.

"Baba yako yuko hai?"

"Amefariki, mzee. Yuko baba mdogo."

"Aswali?"

"Yuaswali, na huadhini pia."

"Mm." Ami alirudi kitini, akaichukua ile halua yake. "Mm," alisema tena, na wanaomjua Ami wajua kwamba mm ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Donge la uzi liliisha hapo, ncha yake ikachomoka kwenye kigari. Niliinama kikapuni kutafuta donge jipya. Nilimsikia Mama akisema nyuma yangu.

"Fundi Ishaq."

"Labeka, Mama."

"Jumamosi usimtume Kadzo. Wala wewe usije na mkasi na bisibisi zako. Njoo na baba yako mdogo, na wazee wengine wawili watatu. Abdulhalim atakuwa hapa kuwapokea. Au vipi, Abdulhalim?"

"Nitakuwa wapi kwingine?" alinung'unika Ami, mdomo umejaa halua. "Lakini waje mapema. Sipendi watu wa kuchelewa."

Ishaq alitaka kujibu. Nadhani alitaka kusema inshallah. Lakini mtu yule wa taratibu, mtu asiye na haraka, hakujua auweke wapi uso wake. Akageukia mashine, akakishika kigari kwa mikono miwili, akakisukuma kwa nguvu zake zote mpaka mwisho.

Shali likaanguka.

Liliteremka lote, na vizito vikapiga sakafu kishindo cha kuamsha waliolala. Ishaq aliruka juu, akagonga kabati kwa kiwiko, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yangu wee!"

Ami Abdulhalim aliduwaa. "Na huyu," alimwuliza Mama, "ndiye mwalimu?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Nilipiga magoti kuokota vizito, na Ishaq akapiga magoti upande wa pili wa meza. Tulikutana chini pale, donge jipya la uzi bado liko mkononi mwangu, punje za mchele zimetapakaa kati yetu.

"Nimesahau uzi," alisema.

"Najua," nilimwambia. "Umeshtuka."